Ndege wa mashamba ya Usambara: ni wengi, lakini ni wepi?

Mtu anayepanda milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, asubuhi kutoka Muheza kwenda Amani atawaona ndege wengi kabla hajaufikia msitu. Shore watakuwa juu ya michungwa, chozi kwenye maua ya migomba, tetere barabarani, na mnana watakuwa wakichana makuti ya minazi ili kusuka viota. Akishaingia msituni mambo hugeuka: atasikia sauti nyingi na kuona ndege wachache, kwa kuwa wengine hukaa gizani karibu na ardhi na wengine juu kabisa kwenye vilele. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa ubishi wa siku nyingi kuhusu Usambara Mashariki, yaani kama shamba lenye miti linaweza kuwahifadhi ndege kiasi cha kupunguza haja ya kutenga msitu usiolimwa.

Wanaolitetea shamba wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mkulima wa iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu hafyeki kila kitu, na iliki yenyewe hutaka kivuli. Tulinganishe na mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 na ambao baadaye ulitandazwa kwenye mabonde na tambarare za Tanga: ni zao moja lililopangwa kwa mistari, lisilo na tunda la kuliwa na ndege. Mbele ya mkonge, shamba la mchanganyiko ni karamu. Humo mna wadudu, maua, mashimo ya kutagia na matunda ya misimu tofauti. Zaidi ya hayo, mkulima anayepata fedha kutokana na kivuli cha mti ana sababu ya kuuacha mti huo usimame, sababu ambayo askari wa msitu hawezi kumpa. (Mkulima wa mpunga anayeshinda juani akiamia ndege huenda asifurahie sana hesabu ya aina zilizopo shambani mwake, lakini hilo ni la mabondeni zaidi kuliko milimani.)

Upande wa pili huuliza ni ndege gani hao. Utafiti wa William Newmark uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba katika vipande vidogo vya msitu wa Usambara Mashariki vilivyozungukwa na kilimo, ndege wa tabaka la chini la msitu hutoweka aina moja baada ya nyingine. Wengi wa ndege hao hawathubutu kukatiza hata eneo dogo lililo wazi, kwa hiyo kipande kikishawapoteza hakipati wengine wa kuwarithi. Kwa mantiki hiyo ukanda wa Derema ulitengwa ili kuiunganisha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na misitu iliyo kaskazini yake. Wakulima waliokuwa na iliki humo walilipwa fidia ya mazao na kutakiwa kuondoka. Gharama ya uhifadhi wa namna hiyo ilimwangukia kwanza mtu wa kijijini, na wanaoutetea utengaji wa ardhi mara nyingi hulipita jambo hilo haraka mno.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, hesabu ya aina peke yake inatupotosha. Shamba laweza kuwa na aina nyingi kuliko msitu ulio jirani, na bado zote zikawa ndege tunaowakuta pia Pangani, Korogwe na Bagamoyo. Lakini kasoro kubwa zaidi ya hoja ya kivuli ni ya wakati. Shamba la iliki linalopigwa picha leo lina miti mirefu kwa sababu miti hiyo iliota kabla ya shamba. Kila palizi huondoa vichaka ambamo ndege kama kurumbiza hutafuta wadudu, na pamoja na vichaka huondoka miche ya miti ya msitu. Miaka inapita, udongo unachoka, iliki inapungua, mti mzee unaanguka na hakuna mrithi chini yake. Ndipo inapokuja mihogo au migomba. Anayehesabu ndege mwaka wa tano ataandika habari njema ambayo haitakuwa kweli mwaka wa thelathini.

Hata hapo msitu haumpi mtu jibu jepesi. Artisornis moreaui, ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1931, ni miongoni mwa ndege adimu kabisa wa milima hii, naye hupenda mahali palipoanguka mti na mimea itambaayo ya msituni ikajisokota, pamoja na kingo za msitu. Hondohondo nao, ambao humeza matunda na kupanda mbegu mbali, wamesaidia kuueneza Maesopsis, mti wa kigeni ulioletwa Amani, mpaka ukaingia ndani ya msitu wa asili.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye palizi. Msitu mzima uliobaki usiguswe, kwa kuwa ndege wa gizani hawana kwingine. Katika mashamba yaliyokwisha kuwepo, mkulima aache miche michache ya miti ya asili kila msimu na ukanda wa kichaka kando ya kijito. Miche hiyo itamnyang'anya sehemu ya mavuno kwa miaka mingi kabla haijamfaa kitu, na fidia ya Derema ilihesabu mazao yaliyoondolewa, si mti ulioachwa ukue.