Zimamoto kijijini: afadhali kodi ya wote kuliko ada ya hiari

Septemba 2010, nje kidogo ya mji wa South Fulton, kaunti ya Obion, jimbo la Tennessee, nyumba iliungua mpaka ikaisha huku wazimamoto wakitazama. Mwenye nyumba hakuwa amelipa ada ya dola 75 kwa mwaka ambayo mji uliwatoza wakazi wa nje ya mipaka yake. Aliomba azimiwe, akaahidi kulipa gharama yoyote papo hapo, akakataliwa. Gari la zimamoto lilitoka kituoni pale tu moto ulipofika kwenye shamba la jirani, kwa sababu jirani alikuwa amelipa. Mbwa watatu na paka mmoja walifia ndani ya nyumba ile.

Lawama ziliwaangukia wazimamoto na meya wao. Hasira ile inaeleweka, lakini hesabu ya mji nayo haikuwa ya kipuuzi. Mkazi wa nje hachangii kodi inayonunua gari, mafuta na mipira ya maji. Akiruhusiwa kulipa siku anayounguliwa tu, mwaka unaofuata nani atalipa mapema? Ni kama kukata bima ya gari likiwa tayari mtaroni. Mji ulishikilia msimamo, na Desemba 2011 nyumba nyingine ikaungua kwa mtindo uleule. Mwaka 2012 ndipo utaratibu ulipolegezwa: asiyelipa ada atazimiwa, kisha atadaiwa dola 3,500.

Ukiitazama kesi ile vizuri, kosa limo ndani ya ada yenyewe. Ada ya hiari inamlazimisha mtu aliyefunzwa kuokoa akague kwanza orodha ya waliolipa, ndipo ashike mpira. Hakuna mafunzo wala huruma ya kumwondoa kwenye mtego huo. Kinachomwondoa ni kodi inayolipwa na kila mwenye mali, atake asitake, yaani utaratibu uleule unaolalamikiwa sana vijijini Marekani: eneo maalumu la zimamoto.

Chukua Oregon. Wakazi wa eneo lisilo na mji wanaunda taasisi yao ya zimamoto yenye mipaka yake kwenye ramani, bodi ambayo kwa kawaida ina watu watano waliopigiwa kura, na kiwango chake cha kodi kwa kila dola 1,000 za thamani ya mali iliyokadiriwa. Kwa msomaji wa Tanzania, ambako Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni chombo cha taifa chini ya sheria ya 2007, huenda ikashangaza kwamba wanakijiji wapige kura kuamua kama watakuwa na gari la zimamoto au la. Huko ndivyo ilivyo, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Wanaopinga wana hoja, na si za uchoyo. Mstaafu anayeishi kwa pensheni anakatwa kodi kwa thamani ya ardhi ambayo haimpi hata senti mpaka aiuze. Hoja yenye uzito zaidi ni ya anayeishi mbali. Kampuni za bima hutumia kipimo cha 1 hadi 10 kupima kinga ya moto ya mahali, 10 ikiwa ndiyo mbaya kabisa. Nyumba iliyo zaidi ya maili 5 za barabara kutoka kituoni huangukia kwenye 10 hata kama imo ndani ya mipaka ya eneo la zimamoto. Mwenye nyumba huyo analipa kodi sawa na aliye karibu na kituo, halafu bima inamtoza kana kwamba zimamoto haipo. Hapo ana haki kabisa ya kuuliza pesa yake inamfikia wapi.

Halafu kuna hoja inayorudiwa kila kikao cha bajeti: moto wenyewe uko wapi? Kwa takwimu za NFPA, taasisi inayotunga viwango vya zimamoto Marekani, moto ni takriban simu 4 tu katika kila 100 zinazopokewa na vikosi vya nchi nzima.

Hiyo 4 inasomwa kichwa chini. Katika zile 96 zilizobaki, karibu theluthi mbili ya simu zote ni za matibabu: mzee kaanguka bafuni, mama kabanwa kifua, pikapu imepinduka kwenye kona usiku. Hospitali iko mbali, gari la wagonjwa liko njiani, na moyo uliosimama haungoji. Kwa kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Kijijini anayefika kwanza na mashine hiyo mara nyingi ni mtu wa zimamoto, jirani wa barabara ya pili, aliyeacha chakula mezani. Mashine ile, mafunzo yake, redio iliyomwita na mafuta ya gari lake vimelipiwa na kodi hiyohiyo inayoitwa ya moto. Anayesema halipii kwa kuwa hajawahi kuunguliwa, ajiulize kama hajawahi kuzeeka.

Na hata kwenye moto wenyewe tusidanganyane. Kiwango cha NFPA kwa vijijini ni watu 6 kufika eneo la tukio ndani ya dakika 14 baada ya kuitwa, kwa angalau asilimia 80 ya matukio. Majaribio ya maabara ya usalama ya UL yameonyesha kwamba sebule yenye samani za kisasa, zile za sponji na plastiki, huweza kulipuka moto mzima ndani ya dakika 4 hivi, wakati sebule ya samani za zamani ilichukua karibu nusu saa. Kwa hiyo chumba moto ulikoanzia hakitapona, na mara nyingi nyumba nzima haitapona. Wapinzani wakisema hivyo wanasema kweli.

Kinachookolewa ni kile ambacho moto haujakifikia: banda la jirani, msitu wa nyuma, watu waliolala nyumba ya pili. Kazi hiyo kijijini ni ngumu kuliko mjini, kwa sababu hakuna mabomba ya zimamoto ya barabarani. Maji yanabebwa. Boza linafika, linamwaga maji kwenye tangi la turubai lililokunjuliwa juu ya lami, kisha linageuka kwenda kujaza tena mtoni au kwenye bwawa. Wakati huo pampu inanyonya kutoka kwenye tangi lile, na boza la pili lazima liwe limeshafika kabla halijakauka. Boza moja likichelewa, mpira unalegea mkononi mwa mtu aliyesimama mbele ya moto. Zamu hiyo inataka madereva waliofanya mazoezi na maboza ambayo injini zake zinawaka kila siku, na haviwezi kukusanywa siku ya tukio kwa michango ya harambee.

Zamani majirani walifanya haya bure, ndivyo wanavyosema, na ni kweli. Lakini NFPA ilihesabu wazimamoto wa kujitolea karibu 898,000 mwaka 1984. Mwaka 2020 walikuwa karibu 677,000, huku simu za kuomba msaada zikiwa zimeongezeka zaidi ya mara tatu. Vijana wanafanya kazi mji mwingine. Jumanne saa nane mchana kijijini wamebaki wazee na watoto. Kuajiri watu wawili watatu wa kukaa kituoni mchana si anasa ya bodi. Ndiyo njia iliyobaki.

Wale wa kujitolea waliobaki wanastahili kuheshimiwa kwa zaidi ya maneno. Septemba 2020 moto wa Holiday Farm uliteremka bonde la mto McKenzie, Oregon, na kuunguza zaidi ya ekari 170,000. Mkuu wa zimamoto ya Upper McKenzie na baadhi ya watu wake walipoteza nyumba zao katika moto uleule waliokuwa wakipambana nao. Watu kama hao hawapaswi kuuza keki ili wapate pesa ya kununua makoti ya kazini.

Oregon yenyewe imejifunga mikono. Sheria iliyopitishwa kwa kura mwaka 1997, inayojulikana kama Measure 50, ililiwekea kila eneo kiwango cha kudumu cha kodi ambacho hata wapiga kura wenyewe hawawezi kukipandisha, na ikazuia thamani inayotozwa kodi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka kwa mali iliyokuwepo. Kwa mstaafu ni nafuu ya kweli. Kwa kituo kilichokuwa na kiwango kidogo mwaka ule kwa sababu kila mtu alijitolea, ni kufungwa kwenye bei ya enzi iliyopita. Mlango uliobaki ni tozo ya muda, isiyozidi miaka 5 kwa matumizi ya kawaida, ambayo lazima ipigiwe kura tena na tena. Ikishindwa, watu wa mchana wanaachishwa kazi, na muda wa kufika unarefuka kwa waliopiga kura ya ndiyo na ya hapana kwa pamoja.

Ningekuwa mpiga kura wa huko ningeipitisha tozo hiyo, nikaidai bodi ianze na yule wa maili 6: kituo kidogo chenye boza upande wake, au apunguziwe tozo hiyo mpaka kitakapojengwa. Dai lake ni la haki, na dawa yake iko ndani ya eneo, kwa watu watano anaoweza kuwaondoa kwa kura. Yule wa Obion hakuwa na bodi ya kuidai chochote.