Kamchape akiingia kijijini, nabii yuko wapi?

Huku Kigoma, kamchape, yule msaka wachawi, hahitaji kuelezwa. Anaingia kijijini na wapambe wake, kila kaya inachangishwa, kisha wanaanza kufukua kwenye nyumba za watu. Inatoka pembe, kinatoka kibuyu, umati unashangilia. Na nyumba inayofukuliwa, mara nyingi, ni ya bibi mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea.

Kamchape mwenyewe hanishangazi, yuko kazini. Wananishangaza waumini wenzangu, wa Ijumaa na wa Jumapili, tunaofunga mikono nyuma tukitazama bati la mtu likishushwa.

Neno nabii nalo limechakaa. Ukilisikia leo unawaza mafuta na maji ya upako. Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta hayo. Na wapo wanaoitwa manabii ambao, ukiwalilia kwamba biashara imekwama, wanakwambia wanamwona mwanamke, mfupi, wa upande wa baba. Jina hawataji. Unarudi nyumbani unamtazama shangazi yako kwa jicho jingine. Mtu huyo na kamchape wamepishana suti tu.

Amosi, nabii wa kwenye Biblia, hakutabiri nani kamloga nani. Alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, mtunza mikuyu, akaenda Betheli kuwasema wanaopunja kwa mizani na kumuuza maskini kwa jozi ya viatu. Kuhani Amazia akamfukuza: rudi kwenu Yuda, ukale chakula chako huko! Nabii Nathani naye alimsimulia Daudi, mfalme mwenye upanga, kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, kisha akamwambia kwamba mwizi huyo ni yeye. Wote wawili walimkabili mwenye nguvu. Kamchape anamkabili bibi kizee, nyuma yake kuna umati.

Mara moja tu nimeona mtu akifanya kazi ya Amosi, na hakuna aliyemwita nabii. Alikuwa katekista wetu. Aliposikia wanaelekea kwa jirani yake, alichukua kigoda akakaa mlangoni pa yule bibi. Biblia hakubeba. Akawaita vijana mmoja mmoja kwa majina ya baba zao, akawauliza nani kati yao hajawahi kula kiazi cha mama huyu.

Walisimama kidogo, wengine wakaangalia chini. Baadaye ilinong'onwa kwamba huenda naye yumo, na kuna waliokwepa salamu yake kwa miezi.

Siku ile hawakufukua pale. Walivuka mfereji wakaenda nyumba ya pili, ambako mlangoni hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara.