Kabla ya kuibomoa nyumba ya Kiswahili, irudishieni upepo

Ukisikia hapa Dar es Salaam, iwe Ilala, Magomeni au Temeke, kwamba nyumba imekarabatiwa, mara nyingi imepigwa rangi, imewekwa vigae na madirisha ya alminiamu. Mwenye nyumba akiwa na fedha zaidi, anabomoa. Kwa njia zote mbili mpangaji anabaki na joto lile lile, pengine limezidi, na hilo linaniuma.

Waliojenga nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita, walilijua jiji hili. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mlango wa mbele unatazamana na wa uani. Fungua yote miwili, upepo unapita. Uani ndiko kunakopikwa, kunakofuliwa, wazee wanakopunga upepo jioni. Leo uani unajazwa vyumba vya kupangisha mpaka ukutani. Dirisha la mbao lililofunguka lote linang'olewa, linawekwa la kioo cha kusukuma ambalo hufunguka nusu tu. Ardhi yote inamwagiwa zege. Mwezi wa pili mpangaji anawasha feni usiku kucha kwa umeme anaoununua mwenyewe, na masika yakifika, maji yaliyokuwa yakizama uani yanaingia kwa jirani.

Ukarabati ninaoutaka unaanzia juu: dari chini ya bati, matundu ya kutolea joto juu ya ukuta, rangi nyeupe kwenye bati, mfereji wa kupeleka maji ya mvua kwenye tangi. Kisha mwarobaini uani. Fundi wa mtaani anayaweza yote haya, na mpangaji hahami.

Wala si mambo ya nyumba ndogo tu. Soko la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina mapaa ya zege kama miavuli iliyopinduliwa, yanayokusanya maji ya mvua huku hewa ikipita chini yake. Lilipoungua Julai 2021 jengo hilo lilikarabatiwa, halikubomolewa. Uamuzi huo nauheshimu sana.

Zipo nyumba zilizochoka kabisa, nakubali. Nyumba za Magomeni Kota zilibomolewa, na maghorofa ya kaya 644 yakazinduliwa Machi 2022, wenyeji wakarudi. Kurudi kwao ni jambo kubwa, maana kwingine mtaa ukipendeza kodi inapanda na mwenyeji anajikuta Chanika, pembezoni mwa jiji. Lakini walisubiri karibu miaka kumi. Katika muda huo mtoto anamaliza shule mahali pengine, na mama mwenye genge ameshapoteza wateja wake. Ukarabati wa chumba baada ya chumba haudai gharama hiyo. Na mtaa wenyewe unaweza kuboreshwa na walio ndani yake: mtaani Hana Nasif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi walishiriki kwa mikono yao kujenga mifereji na barabara za mtaa.

Kwa hiyo naziomba manispaa zetu: anayetaka kibali cha kuongeza vyumba aoneshe kwenye mchoro uani unabaki wapi na maji ya paa yanakwenda wapi. Asipoonesha, asipewe. Nanyi wenye nyumba mnaochukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, fedha ya kwanza iende kwenye dari. Vigae vitafuata.