Milimita 800 dhidi ya nini?

Kuna kijiwe cha kahawa jirani na soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ambako ubishi wa Simba na Yanga ukiisha vijana huhamia kwenye vifaru. Juzi walikuwa kwenye Leopard 2 na Abrams, kipi kina deraya, yaani ngao ya kukinga risasi, ngumu zaidi. Mmoja akanyoosha simu: "Milimita 800, soma mwenyewe." Mwenzake akamkata: namba za kupika hizo, deraya ni siri ya jeshi, mjadala umefungwa. Kwangu mimi, wa kwanza kaamini haraka na wa pili kakata tamaa haraka.

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi. Type 59 za Kichina, ambazo jeshi letu lilikuwa nazo kwenye vita vya Kagera, ni nakala ya T-54 ya Kisovieti. Bamba lake la mbele lina unene wa milimita 100, limelazwa nyuzi 60 kutoka wima, hivyo risasi inayokuja mlalo inapambana na milimita 200 za chuma. Fundi wa kuchomelea wa Igogo mwenye futi kamba angekupa jibu hilo kabla chai haijapoa.

Mwaka 1976 Waingereza wakatangaza deraya yao ya Chobham, na futi kamba ikaishiwa kazi. Sasa mbele ya kifaru kuna kama sanduku, lenye matabaka ya vitu tofauti na mabamba yanayofutuka yakipigwa. Unaweza kupima unene wa sanduku; kilichomo hukioni. Kwa hiyo "milimita 800" si unene wa kitu chochote. Ni kusema: hii inazuia sawa na chuma cha kawaida cha unene huo. Inazuia nini, sasa? Mshale wa tungsteni, metali nzito, unaofyatuliwa na mzinga wa kifaru na kuruka karibu kilomita 1.7 kwa sekunde, hupenya kwa uzito na urefu wake. RPG, kombora la kurushwa begani, huja na faneli ya shaba ambayo baruti huigeuza kuwa ulimi wa metali wenye kasi mara kadhaa ya hiyo. Matabaka huuvuruga ulimi huo kuliko yanavyouvuruga mshale, ndiyo maana kifaru kimoja huwa na namba mbili zilizoachana mbali. Geuza pembe kidogo, anza hesabu upya.

Wanaotetea makadirio wana hoja moja nzito kweli: uzito haufichiki, maana madaraja na matrela yanahitaji kuujua. Abrams ya 1980 ilikuwa na tani 54 hivi, za karibuni zinakaribia 67, na sehemu ya nyongeza hiyo ni deraya. Sawa. Ila sisi tunaonunua dagaa waliokaushwa mchangani tunajua kwamba mizani hukwambia kilo za gunia, haikwambii mchanga ni kilo ngapi.

Kiu ya uhakika imefika pabaya. Mwaka 2021 mchezaji wa War Thunder, mchezo wa kompyuta, alimwaga hadharani kurasa za nyaraka za Challenger 2, kifaru cha Waingereza, ili kuthibitisha tu kwamba mchezo umekosea! Kifaru hichohicho, kinachosifika kwa ugumu, mwaka 2006 kilipenywa na RPG-29 kule Al-Amarah, Iraki, kwa chini upande wa mbele, dereva akapoteza vidole vya mguu. Namba ya kichwa haina habari na tumbo.

Makadirio nayakubali yakija na kiwango cha chini na cha juu, tuseme kati ya kiasi hiki na kile, yakitaja silaha, pembe na sehemu iliyopigwa. Nikamuuliza yule kijana wa simu, milimita 800 dhidi ya nini? "Dhidi ya kila kitu, mzee."

Kule Ukraine droni hazina habari na mbele. Zinashukia juu, ambako vifaru vingi vina sentimita chache tu za chuma. Wanajeshi wa pande zote mbili wanachomelea vizimba vya nondo na wavu juu ya vifaru vyao, na hapo futi kamba ya yule fundi wa Igogo imerudi kazini.