Miezi 6 kwa huyu, miaka 50 kwa yule

Kesi za Marekani huwa zinanichosha sana, ukifuatilia mbili tu unabaki unajiuliza hivi hawa wanatumia sheria moja kweli. Na hizi ninazozisema zote ni za California.

Leandro Andrade, teja wa heroini aliyewahi kuwa mwanajeshi, mwaka 1995 aliingia dukani akachomeka kanda 5 za video ndani ya suruali, wakamdaka anatoka. Wiki mbili baadaye duka lingine, kanda 4, akadakwa tena. Mzigo wote dola 150 na kitu, humo kuna katuni za watoto. Kwa kuwa zamani aliwahi kufungwa kwa kuvunja nyumba za watu, ikamkuta ile sheria ya 1994 ya kosa la tatu (ukishafungwa kwa makosa mazito mawili, kosa kubwa la tatu ulikuwa unapigwa kifungo kirefu), akala miaka 25 hadi maisha mara mbili, yaani angalau 50, na 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha hukumu hiyo kwa kura 5 kwa 4.

Halafu kuna Brock Turner, mwogeleaji wa Chuo Kikuu cha Stanford. Januari 2015 wanafunzi wawili wakipita na baiskeli usiku walimkuta juu ya dada ambaye hajitambui kabisa, nje, karibu na pipa la taka. Upande wa mashtaka uliomba miaka 6, jaji Aaron Persky akampa miezi 6 akihofia gerezani kijana ataumia sana, akatoka baada ya 3. Na Persky mwenyewe kasoma Stanford, tena alikuwa mwanamichezo hapohapo!

Watu waliwaka, 2016 ikapita sheria kwamba ukimdhalilisha kingono aliyepoteza fahamu lazima uende gerezani, na 2018 wapiga kura wakamng'oa Persky, jaji wa kwanza California kung'olewa hivyo tangu 1932. Nilifurahi, sikatai. Kumwachia jaji huruma yake aigawe anavyotaka ina shida hiyo, atamhurumia anayefanana naye.

Ila mawakili wengi wanaotetea maskini walipinga kung'olewa kwake, na sio kwamba walimpenda Turner, hapana, wao waliwaza jaji akishaogopa kura za watu atamkaba nani kesho? Atawakaba wateja wao, watu weusi na walalahoi wasio na wa kuwasemea.

Na sasa rudi kwa Andrade uone, maana tunaambiwa pale sheria ilimfunga jaji mikono. Si kweli sana. Wizi wa kanda zile ungeweza kushtakiwa kama kosa dogo, mwendesha mashtaka ndiye akachagua kubwa, jaji naye akaombwa alishushe akagoma. Kwa hiyo nafasi ya huruma ilikuwepo, haikumfikia teja tu.

Ndio maana, pamoja na hayo ya Persky, nasema bora jaji awe na nafasi ya kupima, ila aandike sababu zake na pande zote ziweze kukata rufaa, maana ukimnyima jaji nafasi hiyo inahamia kwa mwendesha mashtaka. Kule zaidi ya asilimia 90 ya wanaotiwa hatiani wamekiri wenyewe, wengi baada ya kupatana na mwendesha mashtaka, kiri upate miaka 2 au bisha ukutane na 20, na hata Tanzania utaratibu wa makubaliano hayo upo kisheria tangu 2019. Persky angalau jina lake tulilijua na sababu zake tulizisoma. Aliyeamua kanda 9 ziwe kosa kubwa, nani anamkumbuka?