Nimefika Rabat, Wewe Uko Wapi?

Kilichoniponza ni mdomo.

Meli yetu ilikuwa imepandishwa chelezoni Malta, ng'ambo ya bandari kuu ukitazamana na Valletta. Huko chini inakwanguliwa tumbo na kupakwa rangi, huku juu sisi mabaharia siku ya nne hatuna kazi ila chai na ubishi. Siku zote hizo nilikuwa naisoma Malta kwenye simu kama mtoto anayengoja mtihani wa darasa la saba. Na mtu akishasoma kitu lazima apate wa kumsomea.

"Nchi nzima hii," nikawaambia tukiwa mezani, "ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inaimeza mara tano. Sensa ya 2021 imehesabu watu 519,562, yaani kila kilomita ya mraba wamebanana zaidi ya watu 1,600. Mto hawana hata mmoja. Mlima hawana. Pahala pao pa juu kabisa ni mita 253. Maji ya bomba sehemu kubwa wanayatoa baharini, wanayachuja chumvi."

Makame, mpishi wetu, mtu wa Wete, alikuwa anamenya vitunguu. Hakunyanyua hata uso. "Na mtu akipotea?"

"Kupotea? Yakhe, humu hata ukitaka kupotea nafasi yenyewe hupati."

Kesho yake tulipewa ruhusa ya kushuka, mwisho saa kumi na mbili jioni tuwe tumerudi. Makame alikuwa na shughuli yake ya kutuma pesa nyumbani, kwa hiyo tukaagana tuonane saa sita mchana Rabat, kwenye geti la Mdina, ule mji mkongwe wenye kuta ambao zamani ndio uliokuwa makao makuu kabla Valletta haijajengwa. Rabat na Mdina wamepakana, ukitoka geti umeingia Rabat. Rahisi kabisa.

Mlinzi wa chelezo alijaribu kuniokoa, Mungu amlipe. Nilimuuliza njia ya kwenda Vittoriosa nikapande boti ya kuvukia Valletta, akacheka: "Huko sisi tunakuita Birgu." Akanieleza kuwa miji mitatu ya upande ule kila mmoja una majina mawili. Vittoriosa ni Birgu, Senglea ni Isla, Cospicua ni Bormla. Jina la fahari la Vittoriosa lilikuja baada ya mzingiro wa 1565, pale Waturuki walipowazingira wale mashujaa wa Kikristo wa Mtakatifu Yohana, waliokuwa watawala wa Malta, miezi kadhaa wakashindwa. Hata Valletta yenyewe, iliyoanza kujengwa 1566, wenyeji wanaiita il-Belt, "Mji", basi. Kwa lugha yetu ni jina la cheti na jina la nyumbani. Mimi mwenyewe nyumbani naitwa Kidude, lakini sikujifunza kitu. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Sasa niseme kuhusu hiyo lugha, maana ndiyo iliyonimaliza. Kimalta kimetokana na Kiarabu cha Sisili, kikachanganyika na Kiitaliano, na kinaandikwa kwa herufi za Kirumi. Mtu wa pwani ukikisikia unahisi kama kuna jamaa yako anaongea chumba cha pili. Bahari ni baħar. Dunia ni dinja. Alhamisi ni il-Ħamis. Sita ni sitta. Karibu ni merħba. Kiingereza nacho ni lugha rasmi, karibu kila mtu anakijua, na mimi Kiingereza cha melini ninacho cha kutosha. Lakini nikajiambia, Issa bin fulani, uliyekaa madrasa miaka saba ukila bakora, leo ndiyo siku ya kuvuna. Kiingereza sitamki.

Nje ya lango la Valletta kuna chemchemi kubwa ya madudu matatu ya shaba yamebeba sinia, na kuizunguka ndiyo stendi ya mabasi. Nikamwona mzee kavaa kofia bapa, ana kikapu. Nikamsogelea kwa adabu zote. "Rabat?"

"Rabat? Iva, iva!"

Iva ni "ndiyo". Nilikuwa nimeisoma. Lakini kwa masikio ya Mswahili mtu anakuambia iva iva kama yuko jikoni na maharage. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu kama ni mbali. Akanijibu kitu kama "bogħod", nikakisikia "baadaye". Nikasema sawa, baadaye, sina haraka. Kumbe kaniambia ni mbali.

Basi likafika. Mzee akanikamata mkono: "Ejja, isa! Isa!"

Mwili ulinisisimka. Jina langu kalijuaje? Sikumwambia. Nikaona labda uso wangu unafanana na mtu anayeitwa Issa, au mzee ana kitu. Wazee wa visiwani, usiwadharau. Nikapanda nyuma yake kama mtoto. Yeye akagusisha kadi, bure, maana tangu 2022 wenyeji wenye kadi hawalipi basi. Mimi nikatoa yuro mbili na nusu.

Safari ikawa tamu. Gari zinapita kushoto kama kwetu, nyumba zote za mawe rangi ya maandazi yaliyoiva vizuri, zina roshani za mbao zilizofungwa utafikiri umo Mji Mkongwe. Kila mzee akizungumza anaanza na neno "Mela". Mela ni kama "basi" au "enhe" ya kwetu, lakini mimi nilikuwa nasikia mbegu inamea. Huyu mela, yule iva, nikawa nacheka peke yangu: humu ndani ya basi kitu kinaota na kuiva papo hapo.

Tukapita Mosta, penye kanisa lenye kuba kubwa ajabu. Mzee akalinyooshea kidole, akanionyesha kwa mikono: bomu, juu, vuuu, likatoboa paa, likadondoka ndani, halikulipuka. Hiyo ni Aprili 1942, kanisa limejaa watu wanasali. Akapiga ishara ya msalaba akasema, "Alla." Wakatoliki wale Mungu wao wanamwita Alla, na mfungo wao wa kabla ya Pasaka wanauita Randan. Na mimi bila kufikiri nikaitikia, "Alhamdulillahi." Tukatazamana. Hapo urafiki ukakamilika, na akili yangu ikaondoka moja kwa moja.

Maana mtu mwenye akili angejiuliza. Rabat ni nusu saa na ushee kutoka Valletta. Sisi tumeshapita saa nzima. Tumeshaona ghuba moja, tumeona ya pili, tumepanda Mellieħa tumeshuka Mellieħa, na sasa mbele ya kioo ni bahari tupu na gati na meli ya kuvusha magari. Basi likazima. Mzee akashuka. "Ejja, Rabat. Għawdex."

Hilo la mwisho analitamka kama "Audesh". Nikadhani ni mtaa, kama mtu anavyosema "Rabat, Mchangani".

Nikasimama. Kwenye ramani Rabat iko katikati ya kisiwa. Kwenda katikati ya kisiwa unapandaje meli? Nina miaka kumi na moja baharini. Lakini nilishajitangaza kuwa mjuzi, na mjuzi akikutana na kisichoeleweka hukitafutia sababu. Nikajiambia hii itakuwa njia ya mkato, wanakata ghuba kukwepa foleni. Isitoshe, pale getini hakuna aliyeniomba nauli. Watu wanaingia tu. Meli ya bure! Nikamrekodia Makame ujumbe wa sauti: "Yakhe, serikali za wenzetu hizi. Meli haina kiingilio."

Makame akajibu: "Meli ya nini?" Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa napiga picha.

Dakika ishirini na tano. Kuliani tukaacha kisiwa kidogo kina mnara tu na maji ya buluu, kisiwa ambacho wakaazi wake wa kudumu unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nikakitambua: Comino! Nikafurahi kwa kukitambua. Nilijua kabisa, kutokana na masomo yangu, kwamba Comino iko baina ya Malta na Gozo, kisiwa chao cha pili. Nililijua hilo na bado nikatulia.

Tukashuka, tukapanda basi jingine dogo limeandikwa Victoria. Nikamwonyesha mzee: Victoria, siyo Rabat. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Victoria, Victoria… Rabat!" Na kweli dakika chache mbele juu ya kilima nikaona kuta. Kuta kubwa, za kale, za rangi ya asali, na mnara wa kanisa umechungulia. Mdina! Ile ile ya kwenye picha. Mzee akaniaga kwa kunipiga bega, akapotelea sokoni na kikapu chake. Nikapanda mpaka getini, nikapiga picha, nikaituma.

"Nimefika Rabat. Wewe uko wapi?"

Makame: "Niko getini."

"Geti lipi? Mimi niko getini."

"Geti la Mdina, yakhe. Hapa darajani, penye simba wa mawe."

Nikageuka huku na huku. "Hapa hakuna simba. Hapa kuna paka."

"Paka wengi au mmoja?"

"Watatu."

"Basi tazama nyuma ya paka. Mimi nimesimama pembeni ya simba, nimevaa fulana nyekundu. Napunga mkono."

"Hebu punga kwa nguvu."

"Napunga, Issa! Watalii wananitazama!"

Nikaanza na mimi kupunga. Hebu niwekeni akilini: mtu mzima, juu ya kilima, anawapungia paka. Tukaenda hivyo robo saa, kila mmoja anamlaumu mwenzake hajui kusimama pahala pamoja. Ikafika akanituhumu niko kitandani melini namfanyia mzaha. Mwisho akaniambia, kwa sauti ile ya mpishi ambaye sufuria limemuungulia, "Nitumie ulipo kwenye ramani." Nikatuma. Akatuma na yeye.

Nikafungua. Alama mbili. Nikakuza ramani nione ni mtaa gani unaotutenga. Baina yetu kulikuwa na rangi ya buluu.

Nilikuwa Gozo, ambayo kwa Kimalta ndiyo ile Għawdex ya mzee. Mji wa pale uliitwa Rabat tangu enzi. Mwaka 1887, kwa jubilii ya malkia wa Uingereza, ukapewa jina Victoria, na wenyeji wakaendelea kuuita Rabat hadi hii leo kana kwamba hakuna malkia aliyepita. Zile kuta ni za ngome yao, Ċittadella. Na ile bandari tuliyoshukia inaitwa Mġarr, na kule Malta nako kuna kijiji kinaitwa Mġarr, ili asiyepotea kwa Rabat apate pa kupotelea. Makanisa mengi ya huko yana saa mbili za ukutani kwa mbele, moja ya kweli na nyingine ya uongo, na watu hukwambia ile ya uongo ni ya kumchanganya shetani. Shetani wamemshughulikia kwa saa. Mimi wamenishughulikia kwa majina.

Ilikuwa saa nane mchana. Badala ya kukimbilia gati, nikaona kwanza nitafute kitu cha kumpoza Makame. Sokoni kulikuwa na mama anauza asali. Nikasema "asali", akasema "għasel", tukachekeana kama ndugu waliopotezana, na kwa furaha hiyo ya lugha nikanunua chupa mbili. Nikala na pastizzi tatu za njegere, ndugu zake sambusa kwa mama mwingine. Sikuhesabu kilichobaki. Cha nini, si meli bure?

Sasa sikilizeni. Meli ile nauli hulipwa wakati wa kutoka Gozo, siyo wakati wa kuingia. Kwenda hawakuulizi, kwa sababu wanajua utarudi. Yuro nne na senti kadhaa. Mimi mfukoni nina tatu.

Dirishani binti akaniambia, "Issa trid tħallas."

Hata huyu! Nikaweka mkono kifuani. "Naam, ndiye mimi."

Akarudia, "Issa, issa."

"Ndiyo, Issa. Umenijuaje?"

Nyuma yangu foleni imekuwa ndefu, na bibi mmoja mwenye mifuko akaanza kunisukuma na kiwiko: "Isa! Isa!" Nikageuka kumwamkia na yeye. Nikamwonyesha binti zile yuro tatu, halafu, nitafanyaje, nikaweka chupa moja ya asali dirishani. Binti akaitazama asali, akanitazama mimi, akaita mwenzake aje atazame. Bibi akachoka. Akapitisha mkono juu ya bega langu, akabwaga sarafu ya yuro mbili, akachukua chenji yake, akaniswaga ndani.

Ndani ya meli kijana mmoja aliyekuwa kwenye foleni akanifafanulia kwa Kiingereza, lugha niliyoikwepa tangu asubuhi. Issa, kwa Kimalta, ni "sasa". Sasa unatakiwa ulipe. Na isa ni "haraka, twende". Siku nzima hakuna aliyekuwa akiniita. Walikuwa wananifukuza.

Basi la kurudi nalo nikalipandia deni: nilikuwa na senti tupu, dereva akasikitika akaniachia. Nilifika ngazi ya meli saa mbili usiku. Ofisa wa zamu akafungua daftari. "Ulikuwa wapi?"

"Rabat."

Akatazama ramani ya ukutani, akapima kwa vidole viwili. "Hapa? Umetumia saa kumi?"

Wiki mbili nikapigwa zamu za usiku, sikubisha. Makame nilimkuta jikoni, pua imeungua kwa jua la pale darajani. Nikampa chupa yake ya asali bila neno. Akaigeuza, akasoma lebo herufi kwa herufi, midomo inacheza.

"Wewe si umesema ulikuwa Gozo?"

"Gozo."

"Hapa pameandikwa Għawdex." Akanikazia macho. "Kumbe ulifika visiwa viwili?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Nikaufunga. Nikamwambia ndiyo, viwili.