Lozi za Kisenyi

Mkate umeumuka leo asubuhi, ndiyo maana sina raha. Mtaa mzima unajua, maana mke wangu, Mama Shamimu, ameuzungusha mlango kwa mlango kwenye sinia kama bibi harusi. Wiki tatu tumekula vitu vya lozi ambavyo ukivigusa na kisu vinajisalimisha na kuwa unga tena, na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu: wiki moja zaidi atachoka, turudi kwenye mandazi kama wanadamu. Sasa umeumuka. Na kwa nini umeumuka tunajua watu wawili tu, mimi na yule kijana wa mashine ya kusaga kule Kisenyi, hapa Kampala.

Mambo haya yaliletwa na shemeji yangu, aliyerudi kutoka Dubai na begi moja la nguo na matatu ya ushauri. Nafaka, alisema, ni adui. Ngano adui, mahindi adui, mchele adui, hata ulezi ambao bibi zetu waliukorogea watoto uji. Nikamwambia, kwa upole wa mtu mzima, kwamba hiyo gluteni anayoiogopa imo kwenye ngano, shayiri na rai. Mahindi hayana hatia, yaachiliwe. Hakusikia. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa sajini, nimelelewa kwa Kiswahili, maharagwe na posho, yaani ugali. Ukiniambia posho ni adui umenitukania ukoo.

Mama Shamimu, ambaye kwao ni Masaka, akaongeza lake. "Hata Nambi, kama asingerudi kuchukua bulo, Walumbe asingemfuata." Hapo nilinyamaza. Kisa hicho sote tumekua nacho: Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, na mkewe Nambi waliaswa wasirudi nyuma, mama akakumbuka ulezi wa kuku wake, akarudi, Walumbe, ndiye kifo, akashuka naye mpaka leo. Hoja hiyo ilinilaza siku mbili ndipo nikapata jibu. Ulezi ulikuwa wa kuku! Na huu mkate wenu wa lozi unameza mayai manne, matano, kwa sababu hauna gluteni ya kuushika, kinachoushika ni yai. Yai limetagwa na nani? Na huyo aliyelitaga anakula nini? Nilipofika jikoni na jibu langu, mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye bei.

Bei ya unga wa lozi sitaitaja, kuna wazee wenye presha wanasoma. Karibu lozi nane katika kila kumi duniani zinatoka California, na kila Februari huko nyuki wanapakiwa kwenye malori na kupelekwa mashambani kuchavusha maua. Nyuki anasafirishwa kwa lori hadi kazini. Mimi kwenye teksi nakaa nusu tako, na kondakta ananiambia nisogee.

Basi ikaamuliwa tununue lozi nzima, tusage wenyewe. Lozi zinataka ziwe kavu, usage kidogo kidogo, upumzike, usage tena, maana karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ukikazana unapata siagi. Blenda yetu haikufika kwenye siagi. Ilitoa moshi kidogo, ikapumzika moja kwa moja. Innalillahi.

Nikatumwa Kisenyi.

Nilikwenda na koti, kwa sababu nilikuwa natoka kwenye kikao cha chama chetu cha mazishi, ambacho mimi ni mweka hazina wake. Mbele yangu kwenye foleni mama wa Kikongo na gunia la muhogo mkavu. Nyuma yangu hajati na debe la mahindi. Katikati, mimi na koti langu na kimfuko cha kilo moja nimekishika kama sampuli ya hospitali.

Kijana wa mashine alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Akachungulia mfuko.

"Mzee, haya ni maharagwe gani?"

"Ni lozi."

"Unga namba moja au namba mbili?"

"Lozi, kijana. Hazina namba."

"Ssebo, kila kitu kina namba. Tunakoboa kwanza au tunasaga na maganda yake?"

Nikaona ananidharau. Kumbe swali lilikuwa la kitaalamu kabisa: kuna unga wa lozi zilizolowekwa maji ya moto zikamenywa, huo ni mweupe, na kuna wa maganda, una madoadoa. Mama Shamimu anataka mweupe. Nikasema koboa. Hajati akadakia, "Kilo moja ukoboe? Zitaishia kwenye mashine zote." Nikasema basi, saga hivyo hivyo. Kisha, kwa sauti ya mweka hazina, nikauliza, "Mashine ni safi? Haitakiwi kuwa na nafaka."

Foleni ilinyamaza. Kijana akaitazama mashine, akatazama kuta, akatazama dari, akatazama mikono yake miwili.

"Mzee," akasema, "hata mimi mwenyewe ni nafaka."

Akamimina. Mashine ilianza na mlio wake tunaoujua, halafu ikabadilisha sauti kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki. Harufu nzuri ikatanda. Kwenye mfuko chini hakijatoka kitu. Kijana akazima, akaleta spana, akafungua: chekeche lote limezibwa na uji mzito wa kahawia. Hajati akapitisha kidole, akalamba, akafumba macho.

"Odi!" akatangaza. "Jamani, hii si odi tu?"

Kusikia odi, ile siagi ya karanga na simsim ya watu wa kaskazini, vijana wawili waliokuwa wanashusha mizigo kutoka lori la Gulu wakaja mbio, mmoja ana kiazi kitamu mkononi. Sijui alikitoa wapi. Mama wa Kikongo akaonja mara tatu ili ahakikishe. Robo ya lozi za California ikaingia matumboni mwa watu wa Kisenyi mbele ya macho yangu, na wote walikubaliana kwamba imekosa chumvi.

"Sasa mashine yangu?" nikaulizwa mimi, niliyeibiwa.

Kijana akasema dawa ya mafuta ni mahindi: unapitisha mahindi makavu, yanafyonza, yanasukuma. Mahindi ya nani? Ya hajati, nikamlipa papo hapo kwa bei ya mtu aliyevaa koti. Kijana akarudisha ule uji kinywani mwa mashine, akaufuatisha na mahindi, ikakohoa, ikakubali. Chini ukatoka unga mzuri, mkavu, rangi ya krimu. Tukapima. Kilo mbili kasoro.

"Umekuja na moja unaondoka na mbili," akasema, "na bado umekunja uso?"

Nililipia kusaga, nikalipia mahindi, nikalipia nusu saa ya mashine iliyolala, nikaomba radhi foleni nzima.

Nyumbani niliulizwa swali moja tu. "Walisafisha mashine?"

"Walisafisha," nikasema. Na kweli walisafisha. Sikuulizwa kwa nini.

Kwa hiyo leo, magadi yaleyale, limau lileile, mayai yaleyale, mkate umeshikana, umepanda, unakatika vipande kama mkate. Shemeji amepiga simu ya video kuuona, akasema hata uso wa dada yake umeanza kung'aa. Na mimi nimepewa agizo la Jumamosi: "Baba Shamimu, kilo tano, kwa kijana yule yule. Mkono wake una baraka." Kilo tano! Nitapeleka na hajati?

Nimetoka nje kutafuta hewa. Pale kona yupo mama wa kabalagala, anaponda ndizi anachanganya na unga wa muhogo anatumbukiza kwenye mafuta, hana nafaka hata punje na hana habari. Miaka yote hiyo yupo pale. Nimekula nne nikiwa nimesimama, maana chapati siku hizi sinunui. Tangu ngano ilipopanda 2022 kwa vita vya Ukraine nyingine ukiinua unaona mnara wa msikiti upande wa pili. Nimempa elfu kumi, hana chenji. Nani ana chenji Kampala hii? "Rudi jioni, muzeyi." Nimerudi jioni, nimemkuta binti yake: mama amekwenda Mukono, kuna msiba. Msiba wa nani, binti hajui, ila ni mzee mmoja mrefu aliyekuwa na baiskeli. Sasa kama ni yule ninayemfikiria, ana miezi minne hajalipa mchango.